Zamu ya Matanga

Leokadia Sikazwe alirudi kutoka kumzika mama yake akakuta yeye mwenyewe ameshakufa.

Alilijua hilo mashineni. Alikuwa amepanda mlima kutoka Bondeni na tope mpaka magotini, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya matanga, na kitu cha kwanza alichokitaka ni unga. Akatua debe lake la mahindi mbele ya mashine ya kusaga, akabandika kidole gumba kwenye kioo kama kila mtu wa Mlenje anavyobandika. Mashine haikuwaka. Kioo kikawa chekundu, na ile sauti ya kike tuliyoizoea, sauti isiyowahi kukohoa, ikasema: "Poleni kwa msiba wa Leokadia Sikazwe. Kidole hiki hakitumiki."

Akadhani ni tope. Akakifuta kidole kwenye khanga, akakinyanyua tena. Hapo mkono ukadakwa.

Aliyeudaka ni Fulgensi Mwananjela, mwenyekiti wa Ushirika, mzee wa heshima ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Sasa alikuwa akihema kama ng'ombe wa plau. Alimvuta Leokadia mpaka nyuma ya choo cha ofisi, mahali ambapo Sanduku halina sikio, ndipo akamwachia.

"Usiguse kitu chochote, mama," alisema. "Mlango, bomba, zahanati, usiguse. Kidole chako kimekufa."

"Kimekufaje?"

Mwenyekiti akatazama chini. Akamwambia kwamba Kalisto amefariki.

Leokadia hakuuliza Kalisto yupi. Kabla ya kwenda msibani alikuwa ameivua beji shingoni mwake mwenyewe na kumvisha Kalisto Sichalwe, na Kalisto alikuwa amecheka na kusema kamba hii ni ya kumfungia mbuzi mchanga, si shingo ya mwanamume.

* * *

Msomaji asiyetoka kwetu aelewe jambo moja, vinginevyo ataona tulikuwa wajinga.

Mtu akifiwa, hafanyi kazi. Hashiki jembe, hashiki mwiko, anakaa chini mkekani mpaka matanga yaanuliwe. Hii haikuanza jana. Na tangu enzi ambazo bibi zetu walipanga foleni kwenye mizani ya mashamba ya watu, mfiwa alishikiwa zamu. Mwenzake aliingia kazini kwa jina lake, msimamizi akiita "fulani" mwenzake akaitika "naam", na jioni mfiwa alikuwa hajapoteza kitu zaidi ya yule aliyemzika. Hiyo ndiyo zamu ya matanga. Haiombwi wala haisahauliki. Ukishikiwa, unajua siku moja utashika.

Lilipokuja Sanduku, tuliendelea. Tulibadilisha tu "naam" ikawa beji.

Na Sanduku lenyewe lilikujaje? Zamani tuliambiwa kila kitu kiko winguni. Hesabu za stoo, zamu, madaftari ya wanachama, hata joto la ghala, vyote vilikaa mbali kwenye mitambo ya watu tusiowajua, vikitufikia kwa waya. Kisha mkongo ukakatika, ukaungwa, ukakatika, na mara ya mwisho hakuna aliyejisumbua kuuunga kwa ajili ya watu wa nyanda za juu. Ofisi zikawa vipofu. Hapo ndipo Kampuni ya Wingukaribu ilipofika na gari na tabasamu. Wakasema: kama ninyi hamwezi kulifikia wingu, wingu litawafikia ninyi. Wakashusha kasha la kijivu, kubwa kama friji la soda lililolazwa, wakaliweka kwenye chumba cha ofisi kilichokuwa cha kikao cha wanawake. Ndani mna kila kitu kilichokuwa winguni. Halihitaji waya kwenda popote. Fundi wao hupita kwa mzunguko, ushirika hadi ushirika, akichukua nakala na kuacha maagizo mapya.

Lilikaa kwetu, lakini halikuwa letu. Tuliliwashia umeme wa jua kabla ya kuwasha taa zetu. Tulilipangusa vumbi, tukalilinda kwa marungu. Lakini ukilegeza skrubu moja linajifuta lote, na ufunguo uko kwa Kampuni. Limekuwa kama mkwe aliyehamia kwako akakukataza kukaa kwenye kiti chako. Babu zetu waliletewa mizani wasiyoruhusiwa kuigusa. Baba zetu wakaletewa mbegu isiyokubali kuzaa mara ya pili. Sisi tukaletewa kasha lisilofunguliwa. Mwenye kumbukumbu ndefu anajua ni mgeni yuleyule, anabadilisha kofia tu.

Tulilikubali kwa sababu ya mwaka wa ukungu. Mvua siku hizi haina mwezi wake. Inanyesha mahindi yakiwa tayari kuvunwa, yanaingia vihengeni bado mabichi, nayo yanaota sumukuvu. Mwaka ule tulikula hayohayo, tungekula nini? Watoto wakawa na macho ya manjano. Tulichimba makaburi mafupi mpaka majembe yakawa mafupi. Kampuni ikaja baada ya hapo, na feni za kukausha, na milango isiyopitisha hewa, na Sanduku la kuviendesha. Vihenge ni vyetu, vile vikubwa vya matofali vilivyojengwa na wazee kwa msaragambo, kila kaya ikibeba matofali yake kichwani kutoka mtoni. Wao waliweka mashine. Tangu hapo hakuna mtoto wa Mlenje aliyekufa kwa ukungu. Hilo nalo lisemwe, maana ndilo lililotufunga mdomo.

Mkataba ulikuwa na maneno mengi, lakini tulifundishwa kuimba matatu: Beji ni mtu.

* * *

Kalisto alikufa hivi.

Mahindi mabichi yakikaa kihengeni hufanya ukoko juu, kama wa wali, na chini yake hubaki pengo. Lazima mtu ateremshwe kwa kamba akauvunje kwa mti. Kamba hiyo iko kwenye winchi, na winchi inashikwa na Sanduku. Linasoma beji, linajua ni nani anashuka na ana uzito gani, kisha linakaza breki kulingana na mtu huyo. Winchi iliyokazwa kupita kiasi hula kamba, iliyolegea humwachia mtu. Kwa hiyo Sanduku hulipima kila umbo kwa haki yake. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa siku ya kufungua, tukapiga makofi.

Leokadia ni mwanamke mwembamba, upepo ukivuma unamwonea huruma. Kalisto alikuwa jitu la kubeba magunia.

Siku hiyo hakuwa na zamu yake mwenyewe. Alishuka kama Leokadia. Ukoko ulipovunjika chini ya miguu yake, kamba ikachukua uzito wote kwa mkupuo, na breki iliyokazwa kwa ajili ya Leokadia ikamwachia Kalisto. Waliokuwa juu walisikia winchi ikilia, basi. Mahindi hayana sauti yakimmeza mtu. Walimtoa kwa mikono na ndoo, mdomo umejaa punje. Beji haikuonekana, ilikuwa imekatika na kubaki humo ndani, bila mapigo ya moyo ya kusikiliza.

Sanduku likaandika: Leokadia Sikazwe, amefariki kazini. Likapiga na ule muziki wake wa msiba.

Kilichomuumiza Leokadia zaidi, alipoelezwa yote haya nyuma ya choo, ni kwamba wao wawili walishawahi kulicheka jambo hilihili. Kalisto alipofiwa na mtoto, ni Leokadia aliyemshikia. Alishuka kihengeni na beji ya lile jitu, breki ikamkaza mpaka akawa anateremka kidogokidogo kama buibui mgonjwa, na walipohadithiana baadaye kwenye pombe walicheka hadi machozi. Hakuna aliyejiuliza ingekuwaje kinyume chake. Wote walikuwa na akili zao timamu. Lakini uliona wapi mtu akiipima heshima ya msiba kwa kilo?

* * *

Mkutano ulifanyika kwenye josho la zamani la ng'ombe, kwa sababu Kampuni haikuwahi kuweka sikio huko. Mvua ilikuwa imepumzika. Watu walikaa kwenye kingo za saruji, wakimpisha Leokadia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji.

"Marehemu, sogea kidogo na mimi nikae," alisema Sivester, yule fundi baiskeli asiyejua kunyamaza. Wachache wakacheka, wakajuta.

Mwenyekiti Fulgensi alieleza taratibu, bila kumtazama mtu. Fundi wa mzunguko yuko njiani. Akifika, atachukua nakala, na mambo yote yatakazwa. Jambo likishakazwa limekazwa, hata Kampuni yenyewe husema haina mkono wa kulilegeza. Kabla ya hapo, kosa linaweza kusahihishwa, lakini usahihisho unataka sababu, na sababu ni moja tu: tuliazimana beji. Sanduku likisikia hivyo linajifunga. Feni zinasimama, milango ya vihenge inajikaza, mpaka wachunguzi watumwe kutoka mjini. Wachunguzi hao huja lini, waulizwe watu wa ushirika wa jirani, ambao waliwasubiri mpaka nyasi zikaota mlangoni.

"Mahindi yanahitaji feni siku chache tu zaidi," alisema. "Yakifungiwa leo, yataiva kwa joto humo ndani. Mnajua yanatoka na rangi gani."

Tulijua. Hakuna aliyeangalia upande wa makaburi mafupi, na kwa kutoangalia huko kila mtu alijua mwenzake anafikiri nini.

Akaendelea kusoma mkataba, labda kwa kutafuta mwanya. Mashine, feni, kamba, kufuli na milango ni mali ya Kampuni. Eneo na kuta ni mali ya mteja, na mteja atazitunza kwa gharama zake.

"Kwa hiyo sisi tumeachiwa kuta," alisema Sivester. "Tuzilambe."

Safari hii watu walicheka kweli, kicheko cha uchungu.

Ndipo Mwenyekiti akamgeukia Leokadia na kumwomba kile alichokuwa amekuja kumwomba. Alimwomba abaki amekufa. Si milele, alisema, halafu akajisahihisha kwa sababu ni mtu mkweli: milele kwenye Sanduku, lakini si kwetu. Msimu ujao atasajiliwa upya kwa kidole kingine, kama mgeni aliyeolewa kutoka Bondeni. Atachagua jina. Ataanza chini kama kila mgeni, shamba lake litakuwa limegawiwa, lakini watu wa Mlenje hawatamwacha alale njaa.

Leokadia alikuwa akikikuna kidole gumba chake kwa ukucha, taratibu, kama anayejaribu kuona kama kinasikia.

"Na mume wangu?" Sauti ilitoka nyuma. Ilikuwa ya Desderia, mjane wa Kalisto, ambaye hakupaswa kuwa pale kwa sababu matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Alikuwa ameinuka mkekani akaja. Hilo peke yake lilitosha kunyamazisha josho zima.

Mwenyekiti alimweleza kwa upole. Katika Sanduku Kalisto yu hai na hajafika kazini. Ataandikwa mtoro. Kaya ya mtoro hupoteza zahanati na mashine, lakini wenzake wataisagia, wataitibia kwa vidole vyao. "Sisi sote tunajua ukweli, shemeji."

"Mnajua," alisema Desderia. "Na mkifa?"

Mwenyekiti akaukunja mkataba.

"Kila asubuhi linamwita," akaendelea, sasa akisema na Leokadia tu. "Kile kipaza sauti cha kwenye nguzo. Kalisto Sichalwe, zamu yako imeanza. Mwanangu mdogo anakimbilia mlangoni kuangalia kama baba yake kaamka. Nimemzika mtu kwa mikono hii, na kila asubuhi linanifukulia. Wewe uko hai, Leo. Mimi siwezi kumsemea, mimi si jina linalohusika. Wewe ndiye."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye alizika wawili mwaka wa ukungu, na asingependa kuchimba tena kwa sababu ya jina la mtu. Desderia akamtazama, akatikisa kichwa kukubali. Hawakuwa maadui. Ndilo lililokuwa baya.

Wakaachana bila uamuzi. Uamuzi walikuwa wamemwachia mfu.

* * *

Leokadia aliishi ufu wake mpaka fundi alipofika, na tulimsaidia kuuishi. Tulimsagia unga. Tulimfungulia bomba kwa vidole vyetu, tukasimama kando kama watu wanaomchotea mgonjwa. Kwa siku za mwanzo walimwita kwa jina. Kisha wakaanza kusema "yule", kwa tahadhari, Sanduku lisije likasikia. Kisha wengine wakaacha kumsalimia kabisa, si kwa chuki. Mtu usiyeruhusiwa kutaja jina lake unamsalimiaje?

Alikwenda shambani kwake akakuta vigingi vipya vya mpaka. Sanduku lilikuwa limeshagawa. Aliyegawiwa alikuwa jirani yake wa miaka yote, naye aliomba radhi huku akiendelea kulima.

Kisha akaenda kwa Desderia, akakaa naye mkekani. Kwa kuwa wote wawili walikuwa na matanga, walikuwa na haki ya kunyamaza pamoja. Alikuwepo asubuhi nguzo iliposema, kwa sauti yake tamu, Kalisto Sichalwe, zamu yako imeanza. Alimwona mtoto akikimbia. Alimwona akirudi.

"Uzito wangu ndio uliomwua," alimwambia Desderia.

"Uzito wako haukumwua. Alikushikia."

"Basi na mimi nimshikie."

Desderia alimpa chai, na Leokadia akainywa mpaka majani ya chini.

* * *

Fundi alifika mchana, gari limejaa tope mpaka vioo. Aliitwa Yusto, kijana mpole, amevaa sare ya Kampuni iliyopauka mabegani. Alisalimia wote waliokuwa uwanjani, akaulizia afya ya mifugo, akaingia ofisini na mkoba wake wa nyaya. Mwenyekiti akamfuata. Sisi tukasimama nje kwenye dirisha lisilo na kioo, kila mtu akisikiliza ngurumo ya feni kutoka vihengeni. Ile ngurumo tulikuwa tumeizoea kama pumzi zetu.

Yusto alichomeka waya, akasoma. "Kifo kimoja. Leokadia Sikazwe. Poleni sana, mzee. Weka kidole hapa tukaze."

Leokadia akaingia. Desderia alikuwa nyuma yake, amemshika upindo wa khanga.

"Leokadia ni mimi," alisema.

Yusto hakuinua kichwa. Alibaki anautazama waya. Kisha akasema polepole, kama anayemfundisha mtu njia ya kutokea, "Mama, mimi sijasikia kitu. Natoka nje kunywa maji. Nikirudi, nitakuta humu watu wanaotakiwa kuwemo."

Naapa kijana yule alikuwa mwema. Kampuni za namna ile haziwezi kuendeshwa bila watu wema.

"Kunywa maji yako, mwanangu," alisema Leokadia, "lakini sikukuambia wewe." Akaligeukia Sanduku. Akaliambia jina lake na la mama yake aliyekwenda kumzika. Akaliambia kwamba beji alimpa Kalisto Sichalwe kwa hiari, kwa sababu ya matanga, na kwamba aliyekufa kihengeni ni Kalisto, mume wa Desderia, akiwa kazini, akifanya zamu isiyo yake. Aliyasema bila kutetemeka, kama anayesoma wasifu wa marehemu kaburini, na kwa kweli ndicho alichokuwa akifanya.

Sanduku likafikiri. Tuliona taa yake ikipepesa.

"Tamko la marehemu halipokelewi," likasema. "Mwenyeji athibitishe kwa kidole. Aliye mbele yangu yu hai?"

Kumbe lilikuwa bado na mlango wa kutokea, nao ulikuwa kidole cha Fulgensi Mwananjela. Angeweza kusema hapana. Angeweza tu kunyamaza, na Yusto angetoa waya wake, na feni zingenguruma mpaka mahindi yakauke. Yule mama wa makaburi mawili alikuwa ameshika chuma cha dirisha kwa mikono yote miwili. Mtoto mgongoni alikuwa amelala.

Mwenyekiti alimtazama Leokadia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ya choo. Leokadia alikuwa amelia matanga ya mama yake, wala hakuna aliyempa pole ya mama, maana tulikuwa na shughuli ya kifo chake mwenyewe.

Hapo nguzo ikaanza, kwa kuwa zamu ya mchana ilikuwa imefika, na mtoro huitwa tena kila zamu inapoanza. Kalisto Sichalwe, zamu yako imeanza. Kalisto Sichalwe.

Desderia hakulia. Alisema tu, kwa uchovu, "Mwitikieni basi, ninyi mnaojua."

Mwenyekiti akaweka kidole.

"Yu hai," alisema. "Aliyekufa ni Kalisto."

Likakubali. Likaandika upya, na kwenye kioo tukaona jina la Kalisto Sichalwe na maneno *amefariki kazini* kando yake, na Desderia, ambaye hakuwahi kusoma zaidi ya misale ya kanisani, akalisoma kwa kidole herufi kwa herufi. Mara moja tu. Kisha kioo kikawa chekundu. Kifungu cha beji, likasema Sanduku, kimevunjwa. Eneo linafungwa kwa usalama wenu.

Feni zikasimama.

Sijui niuelezeje ule ukimya. Milango ya chuma ilisikika ikijikaza, mmoja baada ya mwingine, vihenge vyote. Kisha tukasikia kitu ambacho ngurumo ya feni ilikuwa imetufichia: mvua, ikianza tena, juu ya bati.

* * *

Watu hawakumpiga. Hilo nalisema kwa sifa, ingawa ni sifa ndogo. Alipotoka ofisini walimpisha, na mtu mmoja, sitamtaja, alitema mate mahali ambapo mguu wake ulikuwa umetoka kukanyaga. Leokadia alipita katikati yao mpaka kwa Sivester, akamwomba patasi. Sivester, kwa mara ya kwanza maishani, hakuwa na neno. Akampa.

Akaenda kwenye kihenge cha kwanza, kile kilichommeza Kalisto. Hakwenda mlangoni. Alipiga magoti kwenye tope upande wa nyuma, ambako udongo ulioshikilia matofali ulikuwa wa zamani, akaanza kuukwangua. Alikwangua kama panya. Tulimtazama. Mvua ilimlowesha kichwa chake kilichonyolewa.

Yusto alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na mkoba wake. Mwenyekiti akamuuliza kama mkataba unasema lolote kuhusu hilo.

"Milango ni yetu," alisema Yusto. Akawaza. "Kuhusu kuta hausemi kitu, mzee. Ila mkifungua, Kampuni hairudi tena hapa. Feni zitang'olewa."

"Zitang'olewa," Mwenyekiti alikubali, kama mtu aliyeambiwa saa.

Akaingia stoo, akatoka na mtalimbo. Alikuwa mzee, mtalimbo ulimyumbisha. Alipofika ukutani alipapasa matofali kwa kiganja, akatafuta, akatafuta, mpaka akapata lile lenye alama ya msalaba uliochorwa kwa kidole kabla ya udongo kuchomwa. Kila kaya ilikuwa na alama yake.

"Hili la mama," alisema, akalipiga.

Lilitoka kwa pigo la tatu au la nne. Mahindi yakafuata, yakamwagika kwenye turubai ambalo mtu alikuwa ameshalikimbiza, sikuona ni nani. Yalikuwa na joto, yakitoa mvuke, yakinuka uchachu ambao bado haujawa ukungu lakini uko njiani. Watu wakaja na ndoo, na mashuka, na mabeseni ya kuogeshea watoto. Yataanikwa kanisani, darasani, darini juu ya moshi kama walivyofanya waliotutangulia. Mengi yatapona. Si yote, na mwakani hakuna feni, na wote pale walilijua hilo wakiwa wanachota. Yule mama wa makaburi mawili alichota kwa kasi kuliko wote, midomo imekaza, bila kumtazama Leokadia.

Katikati ya punje kikatoka kitu cheusi chenye kamba fupi iliyokatika. Desderia ndiye aliyekiokota. Akakifuta kwenye kiganja, akakifumba mkononi, akakishikilia hivyo kwa muda, kile kitu cha mwisho kilichokuwa shingoni mwa mumewe.

Beji ikapata joto la mtu, ikasikia mapigo. Juu yetu, kwenye nguzo, ile sauti tamu ikaamka.

"Karibu, Leokadia Sikazwe. Zamu yako imeanza."

Desderia akaiangalia beji. Akaiweka chini kwenye tope, akaweka tofali la mama wa Mwenyekiti juu yake, akalikanyaga mpaka likazama.

"Leokadia Sikazwe," nguzo ikarudia. "Leokadia Sikazwe, hujafika kazini."

Leokadia hakuitika. Alikuwa ameinama, akizoa mahindi.